Mabua ya Mahindi Chini ya Barabara ya Lami

Mvua ya masika inapoanza mkulima huwa na furaha na huzuni pamoja. Furaha ni ya shamba, kwa sababu mahindi yachipua na majani ya ng'ombe yamea. Huzuni ni ya barabara. Gari la maziwa halifiki. Maziwa ya jana jioni yalala ndani ya debe, ya asubuhi yawekwa kando yake, na jua likipanda yote yameganda. Mwenye mboga aona sukuma wiki yake ikinyauka kando ya njia. Mwenye miwa ana shida kubwa zaidi, maana muwa ukiisha kukatwa haumngoji mtu. Yafaa ufike kiwandani kwa siku moja au mbili. Kila siku unayolala chini, au juu ya trela iliyokwama, hupoteza uzito na utamu wake, na mkulima hulipwa kwa uzito.

Nani alipaye hasara hii? Si dereva, maana yeye ana safari nyingine. Si mnunuzi, maana yeye hupunguza bei na kusema, "Barabara yenu ni mbaya." Alipaye ni wewe. Tena umekwisha kulipa mara ya kwanza, kwa kuwa kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa katika Kenya ina kodi ya kutengeneza barabara ndani yake, na ukipanda matatu au bodaboda nauli yako inabeba sehemu ya kodi hiyo. Kwa hiyo habari za ujenzi wa barabara si za wahandisi peke yao. Ni habari za mkulima, kama zilivyo habari za mbegu na mbolea.

Mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengine watalicheka wakilisikia mara ya kwanza. Ni kuyatumia mabaki ya mimea, yale yanayosalia baada ya kutengeneza mafuta ya magari kutokana na mabua, kwa kuyachanganya na udongo ulio chini ya barabara ya lami ili udongo huo upate nguvu. Jambo hili si hadithi. Limepimwa na wataalamu katika nchi ya wakulima wa mahindi. Shauri letu ni kwamba lafaa kujaribiwa hapa kwetu pia, lakini kwa masharti, na yafaa mkulima ayajue masharti hayo kabla hajaombwa kutoa kitu cho chote shambani mwake.

BARABARA HUFA CHINI

Watu wengi hufikiri kwamba lami ndiyo barabara. Sivyo. Lami ni kama mabati juu ya nyumba: huzuia maji yasiingie, lakini si msingi. Chini ya lami kuna tabaka la kokoto au changarawe, chini yake kuna tabaka jingine, na chini kabisa kuna udongo wa asili wa mahali pale. Lori la miwa linapopita, uzito wake hushuka tabaka kwa tabaka ukitawanyika, mpaka ufike kwenye udongo ule wa chini. Udongo ukiwa mgumu, barabara hudumu. Udongo ukilegea, tabaka za juu hubonyea, lami hupasuka, maji huingia katika nyufa, na udongo huzidi kulegea. Shimo lililokuwa dogo kama sahani huwa kubwa kama karai, na watu husema, "Mkandarasi alitupakia lami nyembamba." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ugonjwa ulianzia chini, na kilichoonekana juu ni dalili tu.

Adui mkubwa ni maji. Ndiyo sababu wapimaji wakitaka kujua nguvu ya udongo hawaupimi ukiwa mkavu tu. Huushindilia ndani ya mkebe mzito wa chuma, huuloweka katika maji siku nne, kisha husukuma kipande cha chuma ndani yake kwa mashine na kusoma nguvu iliyotumika. Nguvu hiyo hulinganishwa na ile inayotakiwa kupenya kokoto nzuri zilizovunjwa. Udongo ambao wakati wa kiangazi huvunja mpini wa jembe waweza, baada ya siku nne hizo, kuwa laini kama ugali ambao haujaiva.

Wenzetu wa Mwea, wa uwanda wa Kano, na wa nchi tambarare za Athi hawahitaji kuambiwa habari hii. Wanaujua udongo mweusi, ule unaonata magurudumuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa jua. Udongo huo ukinywa maji huvimba, na ukikauka hujikunja. Barabara iliyojengwa juu yake bila dawa hupanda na kushuka kila majira, na hakuna lami iwezayo kuvumilia kupindwa hivyo mwaka hata mwaka.

Wahandisi wana njia zao. Njia ya kwanza ni kuuchimba udongo mbaya na kuutupa, kisha kuleta changarawe nyekundu, ile tuiitayo murram, kutoka mahali pengine. Njia hii ni nzuri, lakini machimbo ya karibu huisha, na malori hulazimika kwenda mbali zaidi, na kila kilomita ya mwendo ni mafuta na fedha. Njia ya pili ni kuchanganya udongo na chokaa au saruji. Chokaa huubadilisha udongo wa mfinyanzi usivimbe sana, kisha polepole huufanya ushikamane. Njia hii nayo ni nzuri, imejaribiwa miaka mingi, wala hatusemi iachwe. Lakini chokaa na saruji hupatikana kwa kuchoma mawe katika tanuri kali. Tanuri ya saruji hufika joto la digrii 1,450 hivi. Moto huo hununuliwa, na bei yake huingia katika kila mfuko.

Orodha ya barabara za Kenya iliyotengenezwa mwaka 2016 ina zaidi ya kilomita 160,000. Sehemu kubwa ya barabara hizo haina lami, na nyingi kati yake ndizo zinazopita mashambani. Nchi yenye barabara ndefu hivyo haiwezi kungoja fedha ipatikane ya kutia kila mahali chokaa na saruji. Ni lazima itafute vitu vya bei nafuu vilivyo karibu.

HABARI KUTOKA IOWA

Katika Marekani kuna jimbo liitwalo Iowa. Ni jimbo la wakulima wa mahindi, na ndilo linaloongoza katika nchi ile kwa mahindi na kwa ethanoli, yaani ile pombe kali inayochanganywa na petroli ili kuendesha magari.

Yafaa msomaji ajue kwamba ethanoli ya mahindi ni ya namna mbili. Ya kwanza hutengenezwa kwa punje. Wanga wa punje hugeuzwa kuwa sukari, sukari huchachushwa kama vile pombe inavyochachushwa, kisha hukenekwa. Machicha yanayobaki ni chakula kizuri cha ng'ombe, na huko ndiko yanakokwenda. Namna ya pili hutengenezwa kwa mabua, majani na magunzi. Hii ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu sukari iliyo ndani ya bua imefungwa, na mmoja wa hao walioifunga ni kitu kiitwacho lignini.

Lignini ndiyo inayolifanya bua lisimame wima na mti usilale chini kama nyasi changa. Hushikanisha nyuzi za mmea na kuzipa ugumu. Iko katika miti, katika mabua ya mahindi, katika mtama, na katika miwa. Chachu haiwezi kuila, kwa hiyo sukari yote ya bua ikiisha kugeuzwa kuwa ethanoli, lignini husalia. Kiwanda huweza kuichoma kupata mvuke wa mitambo yake. Lakini watu wenye akili waliuliza: je, kitu kilichoshikanisha bua hakiwezi kushikanisha udongo?

Wahandisi Halil Ceylan na Kasthurirangan Gopalakrishnan wa Chuo Kikuu cha Iowa State, mjini Ames, pamoja na wenzao walilichunguza swali hilo, na taarifa ya kazi yao ilitolewa mwaka 2010. Walichukua mabaki ya namna mbili, moja la majimaji lenye lignini nyingi, na jingine la unga lenye lignini kidogo. Wakayachanganya na udongo wa kawaida wa Iowa, ule usio na nguvu ya kutosha kubeba barabara, wakashindilia, wakapima. Wakalinganisha na udongo mtupu, na tena na udongo uliotiwa jivu la makaa ya mawe, ambalo wajenzi wa kule wamelizoea.

Waliona kwamba mabaki hayo huongeza nguvu ya udongo, na kwamba yale yenye lignini nyingi yalifanya kazi vizuri zaidi. Vile vile waliona kwamba udongo uliochanganywa hustahimili unyevu kuliko udongo mtupu. Sababu si vigumu kuielewa. Lignini huzipaka punje za udongo na kuzishikanisha kama gundi, na nafasi za maji kupenya kati yake hupungua.

Wala wazo hili si geni kabisa. Viwanda vya karatasi hutoa lignini kutoka katika miti, na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakinyunyiza maji yake mazito ya rangi ya kahawia juu ya barabara za udongo ili kutuliza vumbi. Jambo jipya ni kwamba sasa lignini yaweza kutoka shambani kwa mkulima wa nafaka, na kuwekwa chini ya lami badala ya juu ya vumbi.

UPUNGUFU WAKE

Lakini gazeti hili halikuletei sifa tupu. Dawa yo yote ina upungufu wake, na mwuza dawa asiyekuambia upungufu huo ni wa kuogopwa.

Kwanza, namna nyingi za lignini huyeyuka katika maji. Ndiyo sababu barabara ya udongo iliyonyunyizwa lignini hunyunyizwa tena baada ya mvua kubwa, maana maji huiosha na kuichukua. Hapo ndipo faida ya kuiweka chini ya lami ionekanapo, kwa kuwa lami huifunika kama paa. Hata hivyo paa halitoshi kama maji huingia kwa mlangoni. Barabara isiyo na mitaro, au ambayo mitaro yake imezibwa, hunywa maji kutoka pembeni, na gundi iliyo chini italegea. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mabaki ya mimea yatachukua mahali pa mitaro na makalvati. Hayatachukua.

Pili, lignini haifanyi kazi kama chokaa. Chokaa huubadilisha udongo wenyewe. Lignini huushikanisha tu. Katika udongo mweusi unaovimba, twaona haifai kuiacha chokaa kwa haraka. Pengine vitu viwili vikitumika pamoja, chokaa kidogo na mabaki ya mimea, kazi itakuwa nzuri na gharama itapungua. Lakini hilo ni la kupimwa, si la kukisiwa.

Tatu, udongo wa Iowa si udongo wetu. Kule tatizo lao kubwa ni baridi ya kugandisha ardhi. Hapa ni mvua kubwa baada ya jua kali, udongo mwekundu wa milimani na udongo mweusi wa mabondeni. Mbegu iliyofanya vizuri Kitale haipandwi Makueni bila kujaribiwa. Na iwe hivyo hivyo kwa dawa ya barabara.

SISI TUNA NINI?

Mtu atauliza, "Je, Kenya ina mabaki ya namna hiyo?" Jibu ni kwamba tunayo, lakini hapana budi tuyatofautishe, maana watu huyachanganya.

Habari ya kutia pombe ya shambani katika magari si ngeni kwetu. Kiwanda cha Muhoroni kimekuwa kikitengeneza pombe kutokana na molasi ya viwanda vya sukari, na katika miaka ya 1980 pombe yake ilichanganywa na petroli ikauzwa kwa wenye magari wa Nairobi. Molasi ni ule ute mweusi mtamu unaobaki baada ya sukari kutolewa. Lakini molasi haina lignini ya kutosha kuitwa gundi ya barabara, kwa sababu imetoka katika maji ya muwa, si katika nyuzi zake. Ikitiwa chachu na kukenekwa, hubaki maji mengi ya kahawia, lita kumi au zaidi kwa kila lita moja ya pombe, yenye chumvichumvi na yenye kuudhuru mto yakimwagwa humo. Mtu akikuambia kwamba maji hayo ndiyo dawa iliyopimwa Iowa, mwambie sivyo.

Lignini yetu iko katika makapi ya miwa, yale ambayo viwandani huitwa bagasi. Katika kila tani moja ya miwa hubaki kama kilo 300 za makapi yenye unyevu. Viwanda huyachoma kupata mvuke na umeme, na hilo ni jambo jema. Baada ya kuchomwa hubaki jivu. Jivu hilo halina lignini tena, lakini lina kitu kingine, nacho ni silika nyingi, ambayo ikikutana na chokaa na maji huweza kushikamana na kuwa ngumu. Wataalamu katika nchi mbalimbali zilimazo miwa wamelipima jivu hili pamoja na chokaa katika udongo wa mfinyanzi na kuona lafaa. Basi hata kabla hatujapata kiwanda cha kutengeneza ethanoli kutokana na mabua, tunayo malundo ya jivu nyuma ya viwanda vyetu vya sukari, na nchi ya udongo mweusi wa Kano iko jirani. Lori linalopeleka miwa Muhoroni hupita juu ya udongo ule ule ambao jivu la miwa hiyo lingeweza kusaidia kuutengeneza. Je, si ajabu kwamba twaliacha lirundikane?

SHARTI LA KWANZA: NG'OMBE NA UDONGO WALE KWANZA

Sasa tuje kwenye masharti. La kwanza lahusu shamba lako.

Kwa kila gunia la mahindi la kilo 90 unalovuna, hubaki shambani karibu uzito huo huo wa mabua, majani na magunzi. Kwa macho ya mwenye kiwanda, hayo ni mali iliyolala bure. Lakini wewe wajua kwamba hayakulala bure. Ng'ombe wako huyala wakati wa kiangazi. Yale yasiyoliwa huoza na kuupa udongo rutuba, au hufunika udongo usichukuliwe na maji. Hata wakulima wa Iowa, wenye mashamba makubwa na mbolea nyingi, huambiwa na wataalamu wao wasiondoe mabua yote. Sembuse mwenye ekari mbili za mteremko huko Murang'a au Vihiga?

Itakuwa hasara kubwa tukiimarisha udongo ulio chini ya barabara kwa kuudhoofisha udongo ulio chini ya mahindi. Barabara nzuri inayopita katikati ya mashamba yaliyochakaa itabeba nini? Kwa hiyo twasema: mabaki ya kutumia barabarani yawe ni yale yaliyokwisha kufika kiwandani kwa kazi nyingine, kama jivu na makapi yaliyozidi. Asiombwe mkulima mdogo kukusanya mabua yake yote kwa ajili ya barabara. Akiombwa, ana haki ya kukataa.

SHARTI LA PILI: TUSIJENGE JUU YA KIWANDA KIMOJA

Hapa Iowa inatufundisha mara ya pili. Mwezi wa Septemba 1914 ungekuwa wa zamani. Huu niutajao ni wa juzi tu, Septemba 2014, ambapo kiwanda kikubwa cha kutengeneza ethanoli kutokana na mabua kilifunguliwa katika mji wa Emmetsburg na kampuni ya POET-DSM. Mwaka uliofuata, 2015, kampuni ya DuPont ikafungua kingine karibu na mji wa Nevada, katika jimbo hilo hilo. Wakulima walifunga mabua robota kwa robota, watu wakasema zamani mpya imefika. Lakini kazi ilikuwa ngumu na ya gharama kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2017 DuPont ilitangaza kukiuza kiwanda chake, na mwaka 2019 kile cha Emmetsburg kilitangaza kusimamisha kazi yake ya kuuza ethanoli ya mabua.

Hatusemi hivyo ili kuwacheka. Nasi tumeona viwanda vya sukari vikisimama na miwa ikikauka shambani, na walioumia twawajua. Twasema hivyo ili tukumbuke kwamba mabaki ya kiwanda hupatikana tu kiwanda kikifanya kazi. Mpango wa barabara utakaotegemea lundo moja la kiwanda kimoja utakwama siku kiwanda kitakapofungwa. Basi mabaki haya na yawe nyongeza ya chokaa na changarawe, yapunguze gharama pale yanapopatikana karibu, wala yasiwe nguzo pekee. Na kuyabeba kwa lori kutoka Magharibi mpaka Garissa hakuna maana, maana mafuta yatakula faida yote.

SHARTI LA TATU: YAPIMWE MBELE YA WATU

Twataka majaribio, na majaribio ya kweli hayafanywi ndani ya maabara tu. Achaguliwe mahali pamoja penye udongo mbaya, kwenye barabara ipitayo malori. Sehemu moja ijengwe kwa chokaa peke yake kama ilivyo desturi. Sehemu ya pili ijengwe kwa chokaa kidogo na jivu la miwa. Ya tatu itiwe mabaki yenye lignini. Zote zitiwe lami namna moja, na mitaro iwe namna moja. Kisha ziachwe zipite masika na vuli mara kadhaa, na kila mwaka zipimwe: imebonyea kiasi gani, imepasuka wapi, imetumia fedha kiasi gani. Maji ya visima na ya mito iliyo karibu nayo yapimwe pia, ili tusije tukatibu barabara na kuwaletea watu maradhi.

Matokeo na yasomwe barazani kwa lugha ambayo wananchi waijua. Yakiwa mabaya, isemwe ni mabaya. Mkulima hashangai kusikia kwamba jaribio limeshindwa. Yeye hujaribu kila mwaka. Anachochukia ni kufichwa.

Na kuna jambo la malipo. Mara nyingi jivu na makapi yaliyozidi huhesabiwa kuwa takataka. Siku yatakapoanza kuuzwa kwa wajenzi wa barabara, hayatakuwa takataka tena, yatakuwa mali, na mali hiyo ilitoka katika jasho la mwenye miwa. Yafaa vyama vya wakulima viulize mapema fedha hiyo itagawanywaje. Jambo likiulizwa mapema huwa mazungumzo, likichelewa huwa ugomvi.

WANAOSEMA VINGINE

Wako watakaosema, "Sisi twataka lami tu. Haya mengine ni maneno." Twawajibu kwamba lami waliyoipata bila msingi wamekwisha kuiona ikiondoka vipande vipande. Afadhali kilomita tano zitakazodumu kuliko kumi zitakazochimbuka kabla watoto wa darasa la kwanza hawajamaliza shule.

Wako pia watakaosema, "Mambo ya Marekani hayatufai." Lakini mahindi yenyewe yalitoka katika bara la Amerika, nasi tuliyapokea, tukayajaribu katika udongo wetu, tukachagua mbegu zinazotufaa, na leo hakuna nyumba isiyojua ugali. Kitu si chetu wala si chao kwa asili yake. Huwa chetu tunapokijaribu wenyewe na kukijua.

KAZI YAKO LEO

Wahandisi wana kazi yao, na Serikali ina yake. Wewe nawe unayo, wala hungoji jivu wala lignini kuianza.

Tazama mtaro ulio mbele ya shamba lako. Je, umejaa udongo? Je, uliujaza mwenyewe ulipotengeneza njia ya kuingia nyumbani, bila kuweka kalvati? Je, maji ya makinga-maji yako yanamwagikia barabarani badala ya kwenda kwenye nyasi? Je, jembe lako limesogea mwaka baada ya mwaka mpaka limefika ukingo wa barabara? Kila moja la mambo haya huingiza maji chini ya barabara, na tumekwisha kueleza kwamba maji ndiyo muuaji. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Saa mbili za kuzibua mtaro kabla ya mvua, wakifanya majirani wote wa kijiji, zaweza kuiokoa barabara kuliko greda litakalokuja baada ya miezi sita.

Tena, mikutano ya makadirio ya fedha ya kaunti ni ya watu wote, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 yatutaka wananchi tushiriki. Nenda. Usiseme tu, "Tunataka barabara." Uliza, "Udongo wa chini umepimwa? Ulipimwa ukiwa umeloweshwa? Mitaro iko katika hesabu? Kuna kitu cha karibu kinachoweza kupunguza gharama ya kuimarisha udongo huo, na kimejaribiwa wapi?" Afisa akiona kwamba mkulima ajua kuuliza hivyo, naye atajiandaa kujibu.

Mkulima wa Iowa na mkulima wa Kano hawajapata kuonana, na mashamba yao hayafanani. Lakini wote wawili huvuna na kuacha mabua, na wote wawili huhitaji njia ya kufikisha mavuno sokoni. Kama sehemu ya kile tulichokuwa tukikitupa yaweza kuibeba njia hiyo, basi na tukijaribu kwa uangalifu, tukihesabu kila senti, bila kumnyang'anya ng'ombe chakula chake wala shamba rutuba yake. Na wakati tukingojea majibu ya wapimaji, chukua jembe, ndugu, ukazibue mtaro. Mvua haiko mbali.